Rangi ya PS2 inabanduka, inanata, na kava limepasuka: kosa liko wapi?

*"Habari za kazi, fundi. Nina banda dogo la gemu hapa Tanga, PS2 slim mbili nyeusi na pedi nne. Makava yalikuwa yamechakaa nikaona niyapake rangi nyekundu ya timu yangu ili yavutie wateja. Nilikuwa nayang'arisha kila wiki kwa polishi ya dashibodi, kwa hiyo siku ya kupaka nikayasugua kwa thina ya duka la vifaa vya ujenzi ili yakamate rangi. Nikapuliza kopo zima la nyekundu maana nyeusi ilikuwa haifichiki, nikaanika juani, jioni nikapiga kliya (ile rangi angavu ya kumalizia juu) ya kampuni nyingine. Kesho yake nikafunga skrubu nikafungua banda. Sasa ni wiki ya tatu. Pembeni rangi inabanduka vipande vipande, juu ya mfuniko inanata ukibonyeza kidole, na kwenye matundu mawili ya skrubu kava limepasuka. Pedi ndiyo usiseme, zimebaki mabaka. Fundi mmoja ananiambia nitoe rangi yote kwa thina nianze upya. Mwingine anasema ningetumia praima (rangi ya kutangulia chini) ya bampa. Nani yuko sahihi? Na kweli plastiki inaweza kupakwa rangi ikadumu?"*

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Ndiyo, plastiki inapakwa rangi na inadumu. Kava za vioo vya pembeni vya magari mengi ni plastiki ya aina ileile ya PS2 yako, na zinapigwa jua na mvua miaka nenda miaka rudi bila kubanduka. Kuhusu mafundi wako, wa kwanza amekosea kabisa, wa pili amekosea nusu. Kabla hujasoma zaidi, chupa ya thina iweke mbali na makava hayo. Ndiyo iliyoyapasua.

Umeeleza matatizo matatu: kubanduka, kunata na kupasuka. Yanaonekana kama hayahusiani, na watu wengi hukimbilia kulaumu rangi ya bei rahisi. Inawezekana rangi yako ilikuwa ya kawaida tu, lakini hata ungenunua kopo la bei mara tatu, kwa utaratibu ule matokeo yangekuwa yaleyale. Yote matatu yanatokana na kiyeyusho, yaani kile kimiminika kinachoibeba rangi ndani ya kopo na ambacho ndicho pia kilichomo kwenye chupa ya thina. Pembeni kiyeyusho hakikuifikia plastiki, juu ya mfuniko kiliingia kikashindwa kutoka, na kwenye skrubu kiliingia mahali ambapo hakikupaswa kuingia kamwe.

Fungua kava utazame upande wa ndani. Mara nyingi utakuta pamegongwa herufi ABS katikati ya alama mbili za mshale. Hilo ndilo jina la plastiki yenyewe, na ndiyo iliyotumika kwenye konsoli (mashine za gemu) nyingi za zamani na za sasa. Ina sifa mbili ambazo mpakaji rangi lazima azijue. Ya kwanza ni nzuri: rangi inaipenda. Plastiki kama ile ya ndoo na mabeseni inasukuma kimiminika kisitandae, lakini ABS inakipokea. Ya pili ni ya hatari: inayeyuka. Ukidondoshea asetoni kipande cha ABS, kinalainika mbele ya macho yako, na kikiachwa humo kinageuka ujiuji. Thina ya madukani ni mchanganyiko wa toluini, esta, na mara nyingi ndugu za asetoni. Rangi nyingi za kopo zinazo vilevile, ila kwa kuwa zinatoka kwa ukungu mwembamba, kiasi kikubwa hupeperuka kabla hakijadhuru. Kinachobaki kinalainisha uso wa plastiki kidogo tu, rangi inazama kidogo, kisha vyote vinakauka pamoja. Hapo rangi inakuwa imeuma. Kumbe kitu kinachoshikisha rangi ndicho hichohicho kinachoharibu kava, na kazi yote ya kupaka ABS ni kukipimia.

Sasa tuone kilichotokea kwako.

Kubanduka kumeletwa na ile polishi ya dashibodi. Polishi hizo zinang'aa kwa sababu zina silikoni, na silikoni ni adui namba moja wa mpakaji rangi. Inajificha kwenye vinyweleo vya kava, haitoki kwa kufuta, na ukiisugua kwa kitambaa chenye thina unaisambaza tu kutoka hapa kwenda pale. Wapaka magari wanaiogopa kiasi kwamba baadhi yao hawaruhusu kopo la polishi hiyo liingie kwenye chumba cha rangi. Mahali penye silikoni rangi inajikusanya pembeni na kuacha vishimo vya mviringo, au inatandaa vizuri machoni lakini chini haijashika chochote. Ongeza kwamba hukupiga msasa. Pembeni ndiko vidole vinakoshika mashine, kwa hiyo ndiko jasho na polishi zilikojaa zaidi, na ndiko rangi ilikoanza kuachia.

Kunata kunatokana na wingi wa rangi na haraka. Lakini wingi huo ulisababishwa na nini? Umesema mwenyewe: nyeusi ilikuwa haifichiki. Nyekundu, hasa ile kali ya jezi, ina chembe za rangi ambazo mwanga unapita kwa urahisi. Juu ya nyeusi inaonekana kahawia iliyokufa, na mtu anaendelea kupuliza akidhani bado hajatosha. Njano na rangi ya machungwa nazo zina ubishi huohuo. Dawa yake ni praima nyeupe au ya kijivu hafifu chini, na baada ya hapo mikono mitatu myepesi ya nyekundu, yaani kupita mara tatu, inatosha kabisa. Wewe ulimaliza kopo zima, ukaweka juani. Jua linakausha uso kwanza, na uso ukishafunga, kiyeyusho kilicho chini hakina njia, kama uji unaoachwa upoe ukafunga utando juu huku ndani bado unachoma ulimi. Jioni ukaongeza kliya ya kampuni nyingine yenye kiyeyusho chake kikali, ikailainisha upya nyekundu ambayo haijakauka. Kwa hiyo wiki ya tatu hii chini bado kuna kiyeyusho kinachotafuta mlango, na kimeanza kulainisha plastiki yenyewe. Utaona ukikwangua kwa ukucha: rangi haitoki peke yake, inakuja na utelezi mweusi.

Kupasuka ndiko kunakonisikitisha, kwa sababu hakutibiki kwa rangi. Kava linatengenezwa kwa kumimina plastiki ya moto ndani ya kalibu kwa shinikizo kubwa. Inapopoa, sehemu nene na sehemu nyembamba hazipoi sawasawa, na mvutano unabaki umefungwa humo, hasa kwenye vile vinguzo vinavyopokea skrubu. Hauonekani, na kava linaweza kuishi nao miaka ishirini bila shida. Lakini kiyeyusho kikigusa plastiki iliyo kwenye mvutano, kinapenya katikati ya minyororo ya plastiki na kuiachanisha, na ufa unatembea. Wewe ulisugua kwa thina, kesho yake ukakaza skrubu kwenye nguzo ambazo zilikuwa bado zimelowa kwa ndani. Ukishaona nyufa nyembamba kama nywele zinazotoka kwenye tundu la skrubu, thina iwe mshukiwa wa kwanza. Konsoli na pedi zenye kava linalopitisha mwanga ni hatari zaidi. Hizo mara nyingi ni plastiki ya polikaboneti, na polikaboneti inaweza kupasuka kwa kufutwa tu na kiyeyusho kisichofaa.

Sasa praima ya bampa. Bampa za magari mengi zimetengenezwa kwa polipropilini, jamii ya ile plastiki ya ndoo niliyoitaja, ambayo rangi haiishiki hata ukipiga magoti. Ndiyo maana wapaka magari wanatanguliza dawa maalumu ya kuishikisha, nyepesi kama maji, isiyo na rangi. ABS haihitaji dawa hiyo, na baadhi ya dawa hizo zimejaa toluini na zailini, kwa hiyo unarudi kulekule kwenye thina. Fundi wako angekuwa sahihi kama angesema "praima ya plastiki" ile ya kawaida ya kopo, ya kijivu au nyeupe, iliyoandikwa kwamba inafaa ABS. Hiyo ninaiunga mkono. Sehemu pekee ambapo dawa ya bampa ingekusaidia ni kama kava lako lingekuwa na alama PP (polipropilini) ndani, na kwa konsoli ni nadra.

Tuje kwenye kuokoa ulichonacho. Tenganisha kwanza kava lililopasuka na lile zima. Lililopasuka, kama nyufa zimezunguka nguzo yote, mimi ningetafuta jingine. Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, lakini zaidi ya mashine milioni 150 ziliuzwa duniani, na kwa mafundi wa simu na redio hapakosekani PS2 iliyokufa bodi yenye kava zuri. Mara nyingi hiyo inakuwa rahisi kuliko makopo matatu ya rangi. Kama ufa ni mmoja na mfupi, unaweza kuunganishwa kwa plastiki yenyewe: chukua vipande vidogo vya ABS kutoka kava bovu, viyeyushe kwenye asetoni kidogo ndani ya kichupa cha kioo mpaka viwe uji mzito, kisha paka kwa kijiti upande wa ndani wa nguzo, kidogo sana. Usirudishe skrubu kabla ya siku mbili. Supaglu na magadi ya unga, mchanganyiko ambao mafundi wengi wanaupenda, unashika haraka lakini ni mgumu usiopinda, na skrubu ikikazwa mara ya tatu unaachia.

Kutoa rangi ya zamani ndiyo kazi chafu kuliko zote. Tumia alkoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi wa simu wanasafishia bodi. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya rangi dakika chache, kwangua kwa kipande cha plastiki, rudia. Usilitumbukize kava humo usiku kucha, kwa sababu hata alkoholi ikipewa muda mrefu kwenye nguzo zenye mvutano inaweza kuleta nyufa. Mafuta ya breki, ambayo utasikia yakisifiwa, yaache. Yanatoa rangi kweli, lakini yanajificha kwenye matundu ya skrubu na kuharibu rangi mpya, achilia mbali ngozi yako. Pale ambapo rangi imegoma, iache, utaimaliza kwa msasa. Ikishatoka sehemu kubwa, weka kava kivulini penye upepo wiki nzima ili kiyeyusho kilichonywewa na plastiki kitoke. Ruka kila hatua ukitaka, hii usiiruke.

Baada ya wiki, osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki wa zamani kwa kila pembe. Suuza, osha tena. Kisha fanya jaribio ambalo halikugharimu kitu: mwagia maji safi utazame. Maji yakitandaa kama kioo juu ya kava lote, pamesafika. Yakijikusanya matone-matone mahali fulani kuliko pengine, pale huenda bado pana mafuta au silikoni, rudi kwenye sabuni. Kwa kava lililowahi kupigwa polishi ya dashibodi huenda ukarudia mara kadhaa, na usichoke, kwa sababu hapa ndipo kazi yote inaposhinda au kushindwa. Ukiridhika, anza kuvaa glavu. Kuanzia hapo kidole kitupu hakigusi tena uso huo.

Msasa unakuja baada ya kuosha, si kabla. Ukitanguliza msasa juu ya uchafu, unaikandamiza silikoni ndani ya mikwaruzo. Watu wengi wanafikiri msasa mkali unashika zaidi, wanachukua namba 120 ya mbao. Utaiona mikwaruzo hiyo chini ya rangi mpaka siku unaitupa mashine. Namba 400 kwa sehemu zenye mabaki ya rangi, kisha 600 kote, zote kwa maji yenye tone la sabuni. Lengo ni kuondoa mng'ao tu. Kava likiwa halina mng'ao popote ukilitazama dhidi ya mwanga, basi. Kwenye mifereji na maandishi yaliyoinuka, msasa haufiki, tumia kipande kipya cha ile sponji ya kijani ya kuoshea sufuria. Na kama unataka kuhifadhi ule ukwaruzo mdogo wa asili wa kava, tumia sponji hiyo tu kila mahali, msasa uache. Suuza, kausha kivulini, futa mara moja kwa kitambaa kisicho na manyoya kilicholoweshwa alkoholi. Umemaliza maandalizi, na ukijumlisha muda utaona umetumia theluthi mbili za kazi yote bila kugusa kopo la rangi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kabla ya kupuliza, ziba. Rangi ina unene. Praima, rangi na kliya vikijumlishwa vinakaribia sehemu ya kumi ya milimita, na kwenye mashine iliyotengenezwa kwa vipimo finyu hicho si kidogo. Ziba kwa tepu ya karatasi kingo ambapo kava la juu na la chini hukutana, bawaba za mfuniko, vidole vya kufungia, matundu ya skrubu, na dirisha jeusi la rimoti upande wa mbele. Vitufe vya kuwashia na kufungulia mfuniko, kama utavipaka, vipige mkono mmoja mwembamba, la sivyo vitakwama. Kuna kijino chini ya mfuniko kinachobonyeza swichi ndani, nacho kizibe: swichi hiyo isipobonyezwa sawasawa, mashine inaamini mfuniko uko wazi na CD haizunguki. Matundu ya hewa yasizibwe na rangi. Slim inapata joto, na banda lenye wateja kuanzia asubuhi hadi usiku halihitaji mashine iliyokabwa pumzi.

Kwa mtu wa Tanga, adui anayefuata ni hewa. Kiyeyusho kinapopeperuka kinapoza uso wa rangi ghafla. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, unyevu huo unajikusanya juu ya rangi iliyopoa kama umande, na unaona ukungu mweupe unaotokea dakika chache baada ya kupuliza. Wengi wanadhani kopo limeharibika. Ukanda wote wa pwani una shida hiyo, na wakati wa masika ni bora usianze kabisa. Siku nyingine, piga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku kavu, kivulini, nje au kwenye baraza iliyo wazi pande mbili. Jioni unyevu unarudi. Wala jua kali halikusaidii: kava jeusi juani linachemka, rangi inafunga utando, na mfuniko mwembamba unaweza kupinda.

Kupuliza kwenyewe ni jambo la subira kuliko ufundi. Tikisa kopo dakika mbili tangu usikie gololi ikigonga. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza hewani kabla hujafika kwenye kava, pita moja kwa moja, achia ukishavuka upande wa pili. Ukianza na kusimama juu ya kava, mwanzoni na mwishoni panapata rangi mara mbili na ndipo inapochuruzika. Mkono wa kwanza wa praima unatakiwa uwe kama vumbi, uone bado nyeusi chini. Utatamani kuongeza, usiongeze. Subiri dakika kumi, pita tena. Mikono miwili au mitatu ya praima, ikae mpaka kesho, piga msasa namba 800 kwa maji taratibu sana, futa. Kisha nyekundu kwa namna hiyohiyo, mikono mitatu au minne myepesi.

Hapa soma maandishi ya kopo. Kuna rangi zinazokauka kwa kupeperusha kiyeyusho tu, hasa za akriliki, na kuna za jamii ya rangi ya mafuta ambazo baada ya hapo zinaendelea kukomaa kwa kunywa oksijeni ya hewa. Hizi za pili zina mtego: mara nyingi utaandikiwa urudie ndani ya saa moja au usubiri siku mbili. Ukipiga katikati ya muda huo, rangi ya chini inavimba na kukunjamana yote. Kwa PS2 nakushauri akriliki, na praima, rangi na kliya vyote vya kampuni moja. Si ushabiki, ni kwamba viyeyusho vyake vimepangwa visichokozane. Kama umeshanunua tofauti, jaribu kwanza upande wa ndani wa kava bovu, ngoja siku mbili, chora miraba midogo kwa wembe, bandika tepu ngumu juu yake na uing'oe kwa nguvu. Miraba ikibaki, endelea. Viwandani wana kipimo kama hicho, tofauti ni vifaa tu.

Kliya ipige siku inayofuata, mikono miwili. Kisha inakuja sehemu ambayo watu wote wenye banda wanaishindwa: kusubiri. Rangi ikikauka mkononi haijakomaa. Acha siku saba bila kufunga, bila kuweka kitu juu, bila kufunika kwa nailoni. Pua yako ni kipimo kizuri. Ukinusa kava kwa karibu na bado linanukia rangi, kiyeyusho bado kinatoka.

Pedi sasa, na hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Rangi ya kopo kwenye pedi ya banda haidumu. Mashine inakaa mezani, lakini pedi inakamatwa na mikono kumi kwa siku, yenye jasho, mafuta ya chipsi, na kucha za mtu aliyefungwa bao la dakika za mwisho. Kliya ya kopo ni laini, inalainishwa na mafuta ya ngozi na kulika palepale kiganja kinapokaa. Una njia tatu. Ya kwanza, usizipake, zioshe tu na ubandike stika ya vinyili ambayo ikichakaa unabadilisha. Ya pili, nunua makava mapya ya pedi ambayo plastiki yenyewe ina rangi hadi ndani. Ya tatu, zipeleke gereji ya rangi za magari wakupigie kliya ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuigandisha. Hiyo ni ngumu kweli kweli na ndiyo pekee ninayoiamini kwa mikono mingi, lakini watengenezee maandalizi wewe mwenyewe na uwakataze kufuta kwa thina, maana wao wamezoea bati. Kwa banda, ningechagua ya kwanza. Vipira vya vijiti vya analogi usivipake kwa njia yoyote, rangi haikai kwenye kitu kinachopinda.

Wala usishawishike kununua kliya hiyo ya hadna na kuipiga mwenyewe barazani. Hadna ina isosianati, ambayo ukiivuta mara kwa mara inaweza kukuanzishia pumu ya kudumu, na ukishaipata, hata kiasi kidogo kinakubana kifua. Wapigaji wanaojua kazi wanavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Hata kwa rangi ya kopo ya kawaida, barakoa ya kitambaa au ya hospitali inazuia vumbi tu, mvuke unapita. Tafuta yenye vichungi vya mkaa, piga mahali pa wazi, watoto wakae mbali. Gesi inayosukuma rangi inawaka, kwa hiyo pasiwe na jiko, sigara wala mshumaa karibu, na kopo lisiachwe juani au ndani ya gari. Ukihisi kizunguzungu au kichwa kuuma, acha na utoke kwenye hewa. Kifua kikibana au kikipiga miluzi, au rangi ikiingia jichoni na maumivu yasipungue baada ya kuosha kwa maji mengi, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine linalohitaji fundi wa ana kwa ana. Slim nyingi zinatumia adapta ya nje, hizo kuzifungua si hatari kwako. Lakini kama waya wa umeme unaingia moja kwa moja kwenye mashine bila adapta, kama ilivyo kwa slim za mwisho na zile PS2 kubwa za mwanzo, ndani kuna pawa saplai yenye kapasita inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa. Hiyo mpe fundi wa elektroniki aifungue na kukutolea kava tupu. Mwambie pia aangalie fleksi, yaani zile tepe bapa nyembamba za nyaya. Zinachanika kwa urahisi, na ikichanika ya soketi za pedi, mashine itawaka vizuri lakini pedi haitasikia.

Wakati wa kufunga, weka skrubu kwenye nguzo zake na uizungushe kwanza kinyume mpaka usikie imedondokea kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo ukaze. Kaza kwa vidole vitatu kwenye bisibisi, si kwa ngumi. Kabla hujarudisha mashine bandani, iwashe, fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa, weka CD, bonyeza kila kitufe, na uache ifanye kazi saa moja huku ukipeleka kiganja kwenye matundu ya hewa. Na ile polishi ya dashibodi mpe mwenye gari. Kitambaa chenye maji na tone la sabuni kinatosha kwa kava lililopakwa.